Gitaa Jekundu Ulilotuchagulia

S.L.P. 64,
Babati.
14 Januari 1985

Mpendwa mdogo wangu Basil,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Barua yako ya Novemba ulimwandikia Damiani, mwenyekiti wa kwaya yetu; mimi niliisikia ikisomwa mbele ya watu kama waraka wa askofu. U mzima huko Morogoro? Domitila na watoto hawajambo? Sisi hapa Nangara tuna afya. Mahindi yameota vizuri, sabuni hakuna, tumezoea.

Ulitushauri tununue gitaa la umeme lenye sumaku nene za kunasa sauti, eti sauti nzito ndiyo ya kisasa. Ndugu yangu, wanaume wa kwaya yetu peke yao wananguruma vya kutosha! Tulihitaji mlio mwembamba, mkali, unaopenya katikati ya watu arobaini na ngoma mbili, kama ule wa santuri za zamani za baba. Umeusahau?

Mfanyabiashara wa Arusha alileta magitaa mawili. Moja jekundu, linang'aa, zito kama gunia la mbegu. La pili limebanduka rangi, bapa kama ubao wa mlango, shingo imefungwa kwa skrubu, sumaku zake mbili nyembamba. Nililichomeka kwenye amplifaya, nikapiga karibu na pale nyuzi zinapofungwa. Basil, kila noti ilitoka peke yake, safi.

Damiani akacheka. "Mama Melkiadi, gitaa si sufuria. Mdogo wako ni mwanamuziki wa mjini, na ameshasema."

Wakacheka wote, wakachukua jekundu. Elimringi tu, mwalimu wa kwaya ya Walutheri wa Mutuka, aliyekuwa amekaa mlangoni, hakucheka. Aliniomba nirudie, nikarudia. Kesho yake lile lenye sura mbovu likafungwa kwenye baiskeli yake, likaenda Mutuka.

Juzi Jumamosi Christina, binti wa shangazi, alifanyiwa sherehe ya harusi Sigino, na kwaya zote mbili zikaalikwa. Yetu ilianza. Gitaa lako likavuma tu. Mjomba Paskasi akatoka nje kukagua jenereta, akidhani ndiyo inayonguruma! Damiani akaongeza sauti, likapiga yowe mpaka watoto wakaziba masikio. Nilicheka ndani ya kitenge, wala sijutii.

Kisha Walutheri wakajipanga. Elimringi akaniita mbele ya wote: "Mama Melkiadi, mpigaji wetu ana homa. Utatusaidia?"

Nikaweka sahani chini. Nikalipokea lile gitaa bapa. Sikuwa nimepiga mbele ya watu tangu niolewe. Kufika ubeti wa pili wazee walikuwa wamesimama, na shangazi analia.

Damiani akanifuata jikoni. "Kumbe unajua gitaa?"

"Kwani Basil alifundishwa na nani?" nikamjibu.

Sasa anataka nikalipige lile jekundu. Nimekataa. Kuanzia wiki hii, kila Jumatano nitakuwa Mutuka kwenye mazoezi, na padre akiuliza nitamweleza bila kuficha.

Damiani amenituma pia nikuulize kama nyuzi nyembamba zitaliponya gitaa lake. Nimeshauliza. Usimjibu.

Mama anakusalimu sana, na kaka Xavery pia. Mbebe mtoto mdogo kwa niaba yangu. Mungu akulinde katika njia zako zote, na akuongezee masikio.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata hivyo,
Skolastika