Mkono Uliozuia Winchi

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, na Mungu akupanulie kaburi lako. Ni mimi, Saidi wa Rasbura. Najua hukuwahi kusoma. Barua zako zote kutoka kwenu nilikuwa nikikusomea mimi, tumekaa juu ya marobota ya katani wakati wa chakula, nawe ukinikatiza kila mara: "Polepole, Saidi, unakimbilia wapi?" Basi hii nayo nikimaliza kuiandika nitaisoma kwa sauti, polepole, maana sijui njia nyingine ya kukufikishia.

Kwanza nikueleze kwa nini sikukuzika. Homa ilikushika ukiwa umekwenda Rutamba kulima, na habari zilitufikia Lindi kwa dereva wa lori la muhogo. Wakati huo mvua ilikuwa imekata barabara. Nilikwenda hadi mtoni nikarudi, nikaenda tena nikarudi. Nilipofika kwenu walikuwa wanaanua tanga. Walinipeleka kaburini, udongo ungali mbichi, nikasoma Fatiha. Maneno mengine yalikataa kutoka. Watu walikuwa wengi, nami nilikuwa na matope hadi magotini.

Halafu nikaketi mkekani na wanaume wengine. Mama yako, Bi. Mwanahawa, alikuwa karibu na mlango akiwasimulia wageni habari zako. Akasema, "Mwanangu alikuwa mbishi tangu tumboni. Ule mkono wake mliouona umepinda, alianguka mnazini huko Lindi. Mnazi wa watu! Nani alimtuma kukwea? Dafu tu, jamani. Dafu moja limemlemaza mtoto."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachoishia kwenye machozi. Mimi sikucheka. Hamisi, mnazi gani?

Sikujua kwa nini ulimwambia hivyo, na msibani si mahali pa kumsahihisha mama wa marehemu. Lakini nilirudi Lindi na jambo hilo limenikaa kooni, na hadi leo ninapoandika halijashuka vizuri.

Maana mimi nilikuwepo. Wewe unajua nilikuwepo.

Unakumbuka ghala lilivyokuwa miaka ile baada ya vita, katani ilipotakiwa kila mahali? Malori yanashusha marobota mlangoni kuanzia asubuhi, sisi makuli tunayapakia kwenye toroli, tunayasukuma hadi chini ya lile tundu la dari, na hapo winchi inayapandisha ghorofani yangoje meli. Winchi yenyewe ilikuwa ya mkono, imefungwa kwa boliti kwenye nguzo, ina mipini miwili, mtu huku na mtu huku. Wewe ulikuwa mtu wa mpini tangu siku nilipoajiriwa. Ulinitazama ukaniambia, "Huyu mtu wa pwani ana viganja kama vya bibi harusi, mpeni toroli." Watu wakacheka, nami nikakuchukia hadi mchana, uliponimegea nusu ya muhogo wako bila kusema kitu.

Ulikuwa ukilisema lile jino. Kila mtu alikusikia. Lilikuwa jino la chuma lililokamata meno ya gurudumu la winchi, ili mzigo usirudi chini mkipumzika, nalo lilikuwa limelika likawa kama ukucha wa mzee. Ulimwambia nyapara wetu, Mzee Issa: "Jino hili limekwisha. Siku moja litatuacha." Akakujibu, "Nimeshamwambia tajiri. Vuta, Hamisi, meli inangoja." Hakuwa mtu mbaya Mzee Issa. Alikuwa na tajiri juu yake, na tajiri alikuwa na meli yake.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Robota lilikuwa limeshafika karibu na dari, likizunguka taratibu kwenye mnyororo. Toroli langu likanasa gurudumu kwenye ufa wa sakafu, chini ya robota kabisa. Nikainama kulikwamua. Nikasikia kitu kikilia tak, kama mtu amevunja mfupa wa kuku, halafu sauti yako: "Saidi, toka!"

Nami, badala ya kutoka, nikainua kichwa kutazama.

Yule mwenzako kutoka Mchinga alikuwa ameachia mpini wake na kuruka pembeni. Simlaumu, mtu yeyote angeruka. Wewe hukuruka. Uliulalia mpini kwa kifua, ukapitisha mkono wa kulia katikati ya chuma na nguzo, ukauzuia mzigo wote kwa mwili wako. Niliiona shingo yako. Robota lilikuwa limesimama juu ya kichwa changu, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya katani, nalo lilikuwa linatetemeka. Ukasema tena, safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba: "Toka, ndugu yangu. Toka."

Nikatoka. Sijui nilitambaa au nilirushwa. Niliposimama nje ya kile kivuli, winchi ilikushinda. Robota likaanguka likapasua toroli, na mpini ukazunguka ukaukuta mkono wako bado uko pale.

Hukupiga kelele. Uliketi chini ukiegemea nguzo, ukaniuliza, "Umepona?" Mimi ndiye niliyelia.

Mengine unayajua, lakini nayasema kwa sababu napenda kuyasema. Hospitali walikufunga plasta wakakuambia usiiguse. Ukaigusa. Ulikwenda kwenu na plasta, ukarudi huna, mkono umepinda kama tawi, ukasema ilikuwa inawasha. Tajiri akasema kuli wa mkono mmoja wa nini, arudi shambani. Asubuhi ile sisi sote tulikaa chini mbele ya mlango wa ghala. Hatukupanga, hakuna aliyehutubia. Yule wa Mchinga ndiye aliyeketi kwanza, na sisi tukaketi. Malori yakapanga foleni hadi barabarani. Mzee Issa akaja, akatutazama, akavua kofia, akaketi na sisi. Hapo ndipo nilipojua tutashinda. Jua lilipokuwa kali, tajiri alitoka mwenyewe, akasema jino litaletwa jipya, na Hamisi atasimama mlangoni kuongoza mzigo. Nawe ulisimama hapo hadi mwisho, ukiinua mkono wa kushoto: vuta, simama, shusha. Hukuugusa tena ule mpini, wala mimi sikukuuliza.

Sasa nikupe habari za tangu uondoke.

Winchi yetu wameing'oa. Imeletwa nyingine kutoka Dar es Salaam, ya injini, inakula dizeli, ina ndoana kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Mtu mmoja anakaa kwenye kiti, anashika vyuma viwili, na robota linapanda kama linaitwa juu. Makuli kadhaa wameambiwa hawahitajiki tena, wengine wamekwenda mashamba ya katani, wengine wamerudi makwao. Yule wa Mchinga ni mmoja wao, amerudi kuvua. Ghala limekuwa na kelele za injini na ukimya wa watu. Hatuitikiani tena tukivuta. Ungekuwepo ungesema mashine ina adabu mbaya, inafanya kazi bila kusalimia.

Mzee Issa alitaka nikae mimi kwenye kiti hicho. Nilikataa. Akaniuliza sababu, nikasema macho yananisumbua. Macho hayana kitu. Nilikuwa nikiitazama ile ndoana ikipanda nasikia tak masikioni.

Nikiwa katika hali hiyo, mkeo Somoe akaja. Alitoka Rutamba kuchukua vitu vyako vilivyobaki kwangu: kanzu ile ya Idi, kofia, blanketi. Bado alikuwa edani aliposikia watu wa kwenu wanazungumza habari za vitu hivyo, akangoja hadi imalizike, ndipo akapanda lori. Mke wangu Mwanaidi alimpokea, wakalia pamoja, wakapika. Baada ya chakula Somoe akaniambia, "Shemeji, nataka kuona mahali mume wangu alipokuwa akifanya kazi. Miaka yote hii alikuwa akiniambia ghala, ghala, mimi sijui ghala likoje."

Tukaenda siku ya Ijumaa baada ya sala, ghala limefungwa, Mzee Issa akatufungulia. Nikamwonyesha pale mlangoni ulipokuwa ukisimama. Nikamwonyesha winchi mpya. Akauliza, "Na ya zamani?" Ilikuwa nyuma ya ghala, imetupwa kwenye majani, imeanza kutu. Akaizunguka. Akaweka kiganja chake juu ya mpini, akasema, "Chuma hiki ndicho alichokuwa akizungusha kabla hajaanguka mnazini?"

Hamisi, ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilimtazama mwanamke yule na mkono wake juu ya chuma kile, nikashindwa.

Nikamwambia yote. Robota, toroli, jino, kifua chako. Nilimwambia na lile neno uliloniuliza ukiwa chini. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliifuta kutu viganjani kwa ncha ya kanga. Halafu akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepokea mzigo aliousikia tu kwa jina.

"Kumbe ule mkono ni wewe," akasema.

Akaendelea, "Mama yake hakutaka aje kwenye mitambo. Alimwambia, ukiumia huko usirudi hapa kunililia. Ndiyo maana akaleta habari za mnazi. Angejua ni mashine, asingemruhusu kurudi Lindi tena. Na mimi nisingemruhusu." Akacheka kidogo, machozi yakimtoka. "Miaka yote nimemwita mlafi wa madafu."

Tulipokuwa tunarudi Rasbura aliniuliza kama ni kweli nimekataa kiti cha winchi. Mwanaidi alikuwa amemwambia. Nikamjibu kwamba naogopa. Akasema, "Shemeji, ni nani bora akae pale, asiyeogopa?"

Jumatatu nilikaa kwenye kiti. Siku za kwanza Mzee Issa alikuwa akiniletea kahawa palepale kitini. Sasa nimezoea. Sheria yangu ni moja: mtu akiwa chini ya mzigo, mimi sigusi chuma. Wakisema tishari la kupeleka mzigo melini linangoja, naliacha lingoje. Makuli vijana wanaona nina kasoro. Wananiita Bwana Simama. Nimelipokea jina.

Somoe alikaa nasi siku chache zaidi, kisha akarudi. Asubuhi ya kuondoka, lori limeshawashwa, aliniinamia kutoka juu ya magunia akasema, "Mimi mama sitamwambia. Nikisema mimi ataona namtetea mume wangu. Njoo umwambie wewe mwenyewe." Lori likaondoka kabla sijajibu, na nadhani alitaka iwe hivyo.

Nimelifikiria sana, Hamisi. Siri ilikuwa yako. Uliibeba kutoka Lindi hadi Rutamba na plasta mkononi, ukamtazama mama yako machoni ukamwambia ni dafu, ukakubali kuchekwa na kijiji kizima kila msimu. Nani mimi niifungue? Nimejiuliza hivyo kila nikimaliza kuswali. Nami kila mara naona lile jambo moja, kwamba uliificha ili asiogope. Sasa hana tena wa kumwogopea.

Kwa hiyo nakuaga kwa ahadi hii. Korosho zikianza kuanguka nitaomba ruhusa kwa Mzee Issa, nitakuja Rutamba na Mwanaidi. Nitapita kaburini kwako kwanza, nikae na wewe peke yetu, nikusomee barua hii. Kisha nitakwenda kwa Bi. Mwanahawa, nimwamkie shikamoo, niketi mkekani kwake. Nitamwambia, mama, mwanao hakuwahi kukwea mnazi wa mtu. Nitavua shati nimwonyeshe mgongo huu, kichwa hiki, miguu hii miwili, vyote vizima, nimwambie vitazame, ndivyo mkono wa mwanao ulivyoviacha.

Unisamehe kwa hilo. Acha ajue alimzaa nani.

Pumzika, ndugu yangu.

Mimi,
Saidi