Mtoto Hana Joto

Dutumi,
Kibaha, Pwani.
9 Julai, 2024.

Mpendwa mpwa wangu Saida,

Salamu zangu nyingi zikufikie huko Makete kwenye baridi. Hujambo, mwanangu? Maziwa yanatoka? Zubeir mumeo mzima? Na huyo mgeni wetu aliyewahi kuja kabla ya mwezi wake, anapumua vizuri? Sisi huku wazima, ila usingizi ndio hatuna.

Simu yako haipatikani tangu Ijumaa. Nimepiga mpaka yule dada wa mtandao nadhani kanichoka. Basi naandika, na barua hii namkabidhi mwenyewe kondakta wa basi la Njombe pale Kwa Mathias, pamoja na mfuko mweusi. Makondakta wote wa barabara ile wananijua, husimama hata nisipopunga mkono.

Sasa nisikilize. Ule ujumbe wako, "Mtoto hana joto", niliusoma mimi, kwa sauti, barazani, watu wamejaa. Na huku kwetu unajua, mtoto akiwa na joto ni homa. Nikasema haya, hana homa, damu yetu hiyo! Nikachinja jogoo. Nikakujibu, "Alhamdulillah, aendelee hivyo hivyo."

Jioni akapita Juliana, nesi wa zahanati, nikamsimulia kwa mbwembwe. Akaweka mkoba chini. "Mzee Abdulaziz, mtoto njiti akikosa joto ndiyo hatari yenyewe. Umemjibu nini?"

Nyama ya jogoo ikanikwama hapa kooni. Mpaka leo ipo.

Kwa hiyo futa jibu langu, Saida. Asiendelee hivyo hivyo!

Juliana kasema mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu, alale kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfungwe pamoja kwa kanga, mchana na usiku. Ukichoka, Zubeir avue shati ambebe yeye, asione haya. Kifua cha mwanamume kina moto. Mimi hiki changu, mwaka ule tuko Msimbu, kuku wetu alichukuliwa na kicheche akaacha mayai, nikalala nayo mimi. Yakaanguliwa yote, na vifaranga wakanifuata mpaka Kisarawe mjini. Mke wangu Sada ni shahidi, ingawa akiulizwa anacheka tu.

Jiko la mkaa msiingize ndani mkafunga madirisha, nakuomba. Na akiendelea kuwa wa baridi, au akikataa kunyonya, rudini hospitali saa hiyo hiyo, msinisubiri mimi wala mtu yeyote.

Mama yako angekuwa ameshafika, ila mguu aliovunja bado umefungwa mhogo wa plasta. Tangu Juliana aseme yale, kajifunga kanga kifuani, na jua hili la Dutumi, haivui. Anachambua kunde nayo, analala nayo. Majirani wanamtania, "Mwanaamina, umembeba nani humo?" Anawajibu, "Mjukuu wangu. Punguzeni kelele."

Nami dada yangu huwa namcheka kwa kila kitu. Hili sijamcheka.

Leo asubuhi ndiyo kaivua, na ndiyo hiyo iliyomo kwenye mfuko. Ina jasho lake na moshi wa kuni. Nilitaka ifuliwe, akanikatalia kwa ukali. Basi nawe usiifue kwanza. Mfungieni mtoto nayo.

Sada anakusalimu, na binamu yako Rajabu, na bibi yako mdogo Mwanaamani wa Msimbu anakuombea kila swala. Mwenyezi Mungu amkunjue huyo mtoto viganja, amjaze pumzi, nawe akupe nguvu ya kumbeba.

Simu ikipata chaji usihangaike na maneno mengi. Niandikie tu, "Ana joto." Safari hii nitaelewa.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, niliyekaa na simu mkononi,

Abdulaziz