Kuumizwa kwa Fundi Hiram Chini ya Pikapu Yetu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, Nakuru, Jumatatu tarehe 24 Juni 2024, mbele ya Konstebo Wawira.

Jina: Linah Cherop
Umri: Miaka 27
Kazi: Mwalimu wa fizikia, shule ya sekondari ya kutwa
Makazi: Sachangwan, nyumbani kwa mama yangu

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu na ninaeleza haya kwa hiari yangu.

Mama yangu ana pikapu ya kubeba maziwa. Mwezi wa Aprili ilianza kuvuja oili kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, na kulia kila ulipoachilia pedali ya mafuta kwenye mteremko. Kaka yangu Kipsang, ambaye huiendesha, aliifungua difu mwenyewe nyumbani. Alituambia ameweka beringi mpya na sili mpya ya kuzuia oili. Kelele ikaisha. Mwezi huu ilirudi, kubwa kuliko ya kwanza.

Mnamo Jumamosi tarehe 22 Juni niliipeleka kwa Hiram Kiarie, fundi wa juakali hapa mjini. Hiram ana desturi yake. Hafungui difu iliyofunguliwa na mtu mwingine mpaka mtu huyo awepo na aone kwa macho yake, asije kesho akasema Hiram ndiye aliyeharibu. Kwa hiyo nilimpigia Kipsang simu. Alifika mnamo saa tano. Hakunuka pombe. Nasema hivyo kwa sababu nimeulizwa.

Gari lilikuwa limeinuliwa nyuma na tairi za nyuma zimetolewa. Upande wa kulia lilikalia kigogo, upande wa kushoto jeki ya mafuta. Hiram alimwaga oili kwenye beseni. Ilitoka nzito kama uji, imejaa vumbi la mbao. Vumbi hilo huwekwa kunyamazisha kelele. Sili ilikuwa ile ya zamani.

Hiram alicheka. "Boss, hii ni difu ama ni posho mill?"

"Fanya kazi, wacha mdomo," Kipsang alisema.

"Nafanya. Lakini mathe wako anapanda hii kitu kila asubuhi. Meno yakishikana hapo kwa mteremko, tairi zinasimama papo hapo. Ulikuwa unataka kumzika?"

Kipsang alinitazama mimi. "Umeniita nichekwe?"

"Nimekuita uone," nilimjibu.

Hiram alirudi chini ya gari kuangalia meno ya difu. Tulibaki sisi watatu, kwa kuwa mafundi wengine walikuwa kwa Adero, anayeuza chai ng'ambo ya barabara. Kipsang aliokota mpini wa jeki. Nilidhani anampa Hiram. Alichuchumaa, akauingiza pale pa kufungulia jeki, akauzungusha. Gari lilishuka upande wa kushoto, likamkalia Hiram kifuani. Nilisikia mbavu zake.

Mkono wake mmoja ulikuwa nje. Kipsang aliupiga kwa mpini, akaupiga tena, mpaka vidole vikalegea. Nilimvuta shati. Alinigonga mdomoni, na pengo hili ndilo aliloniachia. Nilimng'ata mkono nikaonja damu, nikapiga mayowe. Mafundi walikuja mbio, wakainua gari kwa mikono. Kipsang alikaa juu ya tairi akilia. Alisema, "Cherop, waambie jeki imeteleza."

Hiram yuko hospitalini, anapumua kwa mashine. Hajasema neno.

Leo asubuhi mama aliniambia, "Mtoto wa kiume ninaye Kipsang tu. Wewe sema iliteleza, mengine wazee watamalizana na watu wa Hiram." Alinifunga leso kichwani, kama zamani nikienda kanisani. Tumekuja pamoja.

Jumamosi nilipoulizwa hapa nilinyamaza juu ya jambo moja. Nalisema sasa. Kipsang alipozungusha mpini mara ya kwanza, gari lilishuka kidogo tu na kusimama. Hiram aliita kutoka chini, "Nani anacheza na jeki? Mwalimu, ni wewe?"

Kipsang alimsikia. Alinitazama, kisha akazungusha tena.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, na ni kweli.

Sahihi: L. Cherop

Maelezo ya afisa: Nilimuuliza shahidi kama angependa kuondoa au kubadilisha lolote. Alisema hapana. Mama yake, aliyekuwa akimsubiri kwenye benchi karibu na mlango, aliyasikia maelezo yakisomwa. Ameondoka bila yeye.

Konstebo Wawira