Sato wa kadi za Justa

Rose, upo? Epua hata huo ugali, soma hii kwanza.

Unajua Justa wangu anavyotengeneza kadi zake za harusi kwa mkono. Leo kanunua sato mzima, kampaka wino wa bluu wa mihuri, kamgandamiza kwenye karatasi za manila. Magamba yametokea vizuri, ataandika maneno juu yake. Samaki akamwacha kwenye beseni jikoni, akaenda uani kuanika kadi.

Ndipo akaingia shangazi wa mchumba wake Muganyizi, yule wa Bukoba. Bila taarifa! Na unamjua, sebuleni hakai. Moja kwa moja jikoni, kumsaidia mkwe.

Justa anarudi, anamkuta analamba vidole.

"Mkwe, sato wako nimemkaanga."

AMEMKAANGA, Rose. Na kichwa kakila!

Midomo bluu. Meno bluu. Mtoto akapiga magoti: "Shikamoo shangazi, nisamehe, alikuwa na wino."

"Wino wa nini?"

"Wa mihuri."

Shangazi akachungulia kadi kule uani, akaangalia miiba. "Nimemwosha mara mbili, nikadhani samaki wa Mwanza ndivyo walivyo. Sasa sikia. Tumbo hili likitulia mpaka jioni, wewe ni mke wetu. Likichafuka, nampigia Muganyizi mwenyewe."

Hivi sasa amejilaza kwenye kochi, anakunywa maziwa. Justa yuko sakafuni, sikio kwenye tumbo la shangazi. Kila likinguruma, anaanza kusali upya.