Mto Uliosomeka Hasi 120

Jumatatu, 4 Machi
Miaka thelathini na moja nausoma mto huu, na sijakosa siku hata moja! Kila asubuhi nashuka hadi kwenye nguzo yenye alama, natazama maji yamefika sentimita ngapi, naandika daftarini. Mkubwa wa ofisi ya maji aliwahi kunisifu mbele ya watu.
Uongo. Nimekosa siku chungu nzima. Siku za baridi niliusoma mto nikiwa chini ya blanketi. Mwaka ule mguu ulipovimba nililala wiki mbili, nikaandika 90, 94, 98 — namba za heshima. Niliporudi, tope lilikuwa limepaka nguzo hadi juu ya kichwa changu. Nikanyamaza. Nani angeuliza?
Siku hizi kuna mashine darajani, inasoma yenyewe. Programu yake kaandika mkwe wangu, mke wa mwanangu. Mimi nimebaki kuichungulia tu.
Mvua haijakatika tangu juzi.

Jumatano, 6 Machi
Nguzo: 136. Sijawahi kuandika namba kubwa hivyo. Simu ya mkwe, inayopokea kutoka kwa mashine: hasi 120! Nikamwambia mashine yake imelewa, mto umezama ardhini. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akafungua kompyuta palepale mezani, vikombe vya chai havijaondolewa.
Kumbe kwenye lugha ya kompyuta kila aina ya namba ina mwisho wake. Ndogo kabisa inaishia 127, inayofuata 32,767, ya juu yake bilioni mbili na ushei. Ukifika mwisho ukaongeza moja, haikwambii imejaa. Inapinduka, inaanzia chini kabisa — 127, halafu hasi 128. Alinionyesha mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka.
King'ora cha mashine, cha kuwaonya watu wa bondeni, kimetegwa kilie maji yakifika 150. Na mto ameuweka kwenye namba inayoishia 127. Hakitalia kamwe.
Nikamuuliza kwa nini achague ile ndogo. Akajibu polepole, haniangalii.
"Baba, nilipitia daftari lako lote. Kubwa kuliko zote ilikuwa 98."
Chai sikuimaliza.

Alhamisi, 7 Machi
144. Simu: hasi 112. Ofisi ya maji hawapokei. Programu mpya iko tayari, lakini lazima waya uchomekwe kwenye mashine yenyewe, na daraja limefungwa.
Nimemwambia mkwe ukweli wa daftari. Alivaa buti tu, akaniletea na yangu. Afadhali angenitukana.
Tumepita nyumba hadi nyumba bondeni. Wote wamehama, isipokuwa dada yangu. Ana miaka themanini, magoti mabovu, nyumba ya mwisho kabisa chini. Kasema king'ora hakijalia. Kasema mashine imesoma kuliko mimi — na hapo simbishii. Niliwahi kumtoa mbio mara mbili kwa mafuriko ya uongo, nione anavyokusanya kuku. Nilicheka wiki nzima. Mpumbavu mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne asubuhi. 161. King'ora kimya kama kaburi.
Naandika nimekaa kizingitini kwa dada. Maji yamelifunika jiwe lake la kufulia. Mkwe kaenda kutafuta mkokoteni, maana dada hawezi kupanda kilima kwa miguu. Kajifunika kitandani, kageukia ukuta. Nilimweleza habari za 127. Kauliza tangu lini namba zikaisha. Nikaapa. Kasema hata siku ya kuku niliapa, tena kwa jina la mama.
Mkokoteni nausikia unakuja. Yeye hajasogea. Maji yameshika ngazi ya kwanza, zimebaki mbili.
Nimeacha kuapa; neno langu halina uzito kwake, ila yeye hajawahi kuvunja ahadi. Nimesimama mlangoni, nimemwambia hivi tu:
"Dada, mwezi uliopita nilikutengenezea miwani, ukasema utanipindia suruali. Suruali iko kwangu kule juu. Chukua sindano, twende ukanipindie leo."