Kuku wa Mama, Mfupa wa Muwa

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mfungo wa Danieli umeanza. Mboga na maji. Nyama hapana, yai hapana, maziwa hapana. Mchungaji Eliezeri kasema kila mtu aombe jambo moja tu. Wengi wanaomba safari ya Amerika. Mimi namwombea Emery. Mwaka mzima tangu mwanangu ateremke Mbarara kutafuta kazi! Mwanzoni alipiga simu. Sasa namba haipatikani. Yule mwanamke wa kwenye simu nimemzoea — ndiye pekee anayenijibu kila jioni.

Nimepika mboga za lengalenga. Nyingi mno. Mkono wangu bado unapikia wawili.

Jumatano, 6 Agosti

Angeline, mke wa mchungaji, karudi kutoka Mbarara kwenye semina ya akina mama. Kaniletea nusu sandwichi kwenye karatasi.

"Mama Emery, onja! Ni kuku, lakini haina nyama. Banafunzi kule banaikulaka mingi. Hata mu mufungo tunaweza kula."

Kuku asiye kuku! Nikacheka. Watu wa mjini hawana kazi. Nikauma. Imepoa, mkate umelowa. Ndani ni uyoga — umekaangwa kwa unga wa mihogo, si wa ngano. Nikaacha kucheka.

Tulipofika hapa kambini Kashojwa Emery alikuwa mdogo, analilia kuku. Kuku ningemtoa wapi? Nikachukua uyoga, nikaupaka unga wa mihogo na pilipili, nikaukaanga. Katikati nikachomeka kijiti cha muwa kiwe mfupa. Akala, akanyonya mfupa, akasema kuku huyu ana sukari! Alijua, mtoto yule. Lakini kila sikukuu alidai kuku wa mama.

Kwenye hii nusu sikuona mfupa. Labda umebaki kwenye nusu nyingine. Angeline hajui ilinunuliwa wapi, waligawiwa tu. Anasema siku hizi wauzaji ni wengi.

Basi nitawaonja wote.

Jumatatu, 11 Agosti

Mbarara. Miguu imevimba.

Ya kwanza, mkahawa wa vioo. Ni soya, ngumu, inanukia mfuko. Mhudumu, binti mzuri, akanionea huruma: "Nyabo, hii kuku si kuku kabisa. Wewe nataka kuku mzuri?" Nikamwambia nimefunga. Hakuelewa, akaniletea maji.

Ya pili, karibu na chuo. Fenesi bichi! Limekaangwa vizuri, siwezi kusema uongo, ngozi inalia mdomoni. Lakini sosi tamu kama dawa ya watoto. Si mkono wa Emery. Emery asingeweka sosi, angeweka pilipili. Vijana meza ya pili walikuwa wanapiga picha chakula chao. Nikakaa na changu mbele yangu, nikaona aibu kula peke yangu mbele ya watu.

Nimepata malazi kwa dada mmoja wa kanisa. Nyumba imejaa. Wanacheka, wanagombana, wanagombea blanketi. Wamenipa nafasi nzuri, ukutani. Nimewaonea wivu.

Jumanne, 12 Agosti

Kakiika, pembeni mwa mji. Banda la mabati, meza mbili. Naandika hapahapa mezani.

Binti anayeuza anaitwa Umuhire. Kaleta sandwichi ya moto. Kijiti kimechomekwa juu kushika mkate. Nikadhani ni cha meno. Nikakinyonya.

Muwa!

Uyoga. Unga wa mihogo. Pilipili mpaka machozi — na yalikuwepo tayari. Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Bwana yangu. Emery. Yeye njo anapikaka, mimi ninamusaidia tu. Ameenda kuleta uyoga, iko karibu kurudi." Kisha akapunguza sauti: "Mama yake njo alimufundishaka. Masikini, alikufa. Alikufia mu njia, bakikimbia vita. Njo maana tunaiitaka kuku ya mama."

Nilikufa njiani. Na nimemaliza sandwichi yote!

Yuko hai. Asante Mungu wa Danieli, yuko hai, na maiti ni mimi. Nina hasira ya kupindua meza. Nina furaha pia, zote ziko koo moja. Labda ilikuwa rahisi kusema nimekufa kuliko kueleza kwa nini haji kuniona. Nyumbani kwangu ni mwendo wa asubuhi moja tu.

Umuhire kafuta meza, kaniuliza: "Mama, tukuite nani?"

Tangu azaliwe naitwa Mama Emery. Kanisani, kwenye foleni ya maji, hata kwenye matusi. Jina langu mwenyewe nikalitafuta kama kitu kilichoanguka chini ya kitanda.

"Marthe," nikasema.

"Ngoja kidogo, Mama Marthe. Bwana yangu atafurahi kuona mutu wa kwetu. Hapa fasi hii hatuna mutu."

Hawana mtu. Kaniongezea chai ya rangi, hataki nilipe. Mtoto mzuri. Ana shingo ndefu. Mkwe wangu.

Pikipiki imesimama nje. Umuhire kakimbilia mlangoni. "Emery, kuya! Tuko na mugeni!"

Anakohoa. Kikohozi kile nakijua tangu akiwa mchanga kifuani pangu. Gunia limetuliwa chini. Anauliza mgeni gani. Viatu vinaingia.

Naandika ili nisiinue kichwa. Kijiti cha muwa bado kiko mdomoni mwangu.