Cherehani Mtaroni, na Makofi Niliyoyazuia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Guru Roshan Ara
Umri: Miaka 61
Jinsia: ~~Mwanamume~~ Khwaja-sira (jinsia ya tatu)
Kazi: Kiongozi wa nyumba ya khwaja-sira, kubariki watoto wachanga
Makazi: Uchochoro wa Wafinyanzi, Multan

Mnamo tarehe 11 Aprili 2023, Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa nyumbani kwangu. Chumba cha mbele ni darasa la ushonaji, na mwalimu ni Mehnaz. Kwa desturi yetu ni binti yangu. Baba yake alimfukuza akiwa na miaka kumi na minne, nikampokea mimi. Leo nusu ya wanawake wa mtaa huu wanamletea nguo zao za Idi, na kusema kweli hilo linanivimbisha kichwa.

Aliingia Khizar, fundi mwenye duka kona ya mtaa, pamoja na wanaume wawili. Alimwambia Mehnaz, “Kazi yenu ni kucheza harusini. Cherehani mmeanza lini?” Mehnaz alimjibu kwamba tangu wateja wake Khizar walipochoka kusubiri. Hapo nilicheka, sikatai.

Wale wawili walitupa cherehani moja mtaroni. Mehnaz aliikumbatia ya pili. Khizar alivuta, mkono ukamteleza, akaanguka mwenyewe na kuumia kiwiko. Mehnaz hakumgusa.

Saa tano na nusu askari walimkamata Mehnaz kwa madai ya Khizar kwamba alimshambulia. Nimeambiwa yumo mahabusu ya wanaume. Afande, kitambulisho chake kinasema yeye si mwanamume, na humo ndani hayuko salama. Hilo ndilo lililonileta hapa nikiwa na saumu yangu.

Nilifika hapa kituoni saa saba na mabinti zangu sita. Sote mnatujua kwa makofi: tukiyapiga mlangoni kwa mtu, ama afungue ama aaibike. Mdogo wao, Chandni, alikwisha kuinua mikono. Nilimshika. Nikamwambia, “Leo hapana. Tukipiga wataandika kwamba tumeleta fujo.” Alilia kwa hasira, lakini tuliketi barazani kimya.

Kufikia saa nane tulikuwa hatuko peke yetu. Wanawake wa mtaa walikuja mmoja mmoja na vitambaa vyao. Wa tatu alikuwa Bibi Kulsum, mama mzazi wa Khizar. Alimwambia askari wa mapokezi, nami nikisikia, “Nilikuwa darini naanika nguo, nikawaona kupitia mlango wao uliokuwa wazi. Mwanangu kaanguka mwenyewe. Na suti yangu ya Idi iko kwa Mehnaz, haina mikono bado.”

Askari alimuuliza kwa nini asishonewe na mwanawe. Bibi alisema, “Wewe hujaona anavyoshona.”

Miaka arobaini nimebeba watoto wa uchochoro huu na kuwaombea dua, Khizar akiwemo. Sikuwahi kuona mtaa ukija kutuombea sisi. Leo nimeona, na ninataka iandikwe.

Sina la kupunguza wala kuongeza. Makofi yangu nimeyatunza mpaka binti yangu atoke.

Sahihi: *Roshan Ara*

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya saa 9:40 alasiri, akayakubali. Sehemu ya jinsia niliijaza kimakosa. Nimeisahihisha kwa mkono wangu. Maelezo ya Bi. Kulsum yamechukuliwa kando. Mehnaz ameachiwa saa 10:15. Makofi yamesikika hadi ofisini humu. Hakuna fujo iliyoripotiwa.